Ukiomba Msaada Kikundini, Rudi Useme Ilivyokwisha

Leo nataka tuzungumze juu ya ujumbe mmoja ambao kila mwenye simu na kikundi cha WhatsApp amekwisha kuuona. Unafika saa tatu usiku, watu wamemaliza kula, na wale waliopata umeme wamechomeka simu zao. Unasema hivi: "Bonjour kikundi. Betri yangu haikamati chaji. Nisaidieni." Basi. Hatuambiwi ni betri ya nini, ya ukubwa gani, ina umri gani, wala inachajiwa na nini. Dakika kumi zinapita, unakuja wa pili: "Mbona kimya? Humu hamna wataalamu?" Kisha zinafuata alama tatu za kuuliza, peke yake, bila neno.

Sisemi juu ya vikundi vya kazi, wala vya ukoo, wala vya parokia. Nasema juu ya vile vikundi ambavyo watu wamekusanyika kwa kupenda kitu tu. Kuna wapiga kinanda wa kwaya, kuna wapenda picha, kuna wafuga sungura, kuna wanaopanda maua mbele ya nyumba, na kuna sisi tunaochezea redio mbovu, paneli za jua na amplifaya zilizokwisha kufa mara mbili. Miji yetu ya Butembo na Beni imejaa vikundi hivyo, na ndani yake mna watu wa Oicha, wa Mutwanga, wa Lubero, wa Bunia, hata ndugu zetu wafanyabiashara walioko Kampala na Dubai. Anayejibu maswali humo, mchana ni mwalimu, ni nesi, ni muuza vitenge. Hakuna anayemlipa. Hajafungua duka la majibu. Kwa hiyo yule anayeuliza "hamna wataalamu?" amekosea mlango. Wataalamu wenye deni kwake wako sokoni, wana meza na vifaa, na bei yao inajulikana. Kikundini kuna watu wanaopenda, na anayependa hujibu anapoguswa na swali.

Wazee wetu watakumbuka foni, ile redio ya mawasiliano yenye waya mrefu uliotandikwa juu ya miti. Kabla minara ya simu haijasimama kwenye milima hii, foni ndiyo iliyopeleka habari za bei, za ndege, za msiba na za mgonjwa. Ilikuwa kwenye parokia, kwenye hospitali, kwa wafanyabiashara wakubwa. Na kila aliyekuwa kwenye masafa yale alikusikia. Huwezi kwenda pale ukaanza kuwaza mbele ya kipaza sauti. Ulijipanga, ukasema unayemtafuta, ukasema jambo lako, ukampa mwenzako nafasi, ukasikiliza, na mwishoni ukasema umemaliza. Foni iliadibisha watu bila mwalimu.

Na duniani kote wako watu wanaoendesha redio za namna hiyo kwa mapenzi tu, redio za ridhaa. Kila nchi ina herufi zake za kuitia. Za Kongo yetu huanza na 9Q. Watu hao wana desturi mbili ambazo ningependa kuziona WhatsApp. Ya kwanza, unasikiliza kabla ya kusema, ili usimkanyage mwenzako aliyekwisha kuanza. Ya pili ni kadi. Mkikwisha kuzungumza, wewe uliye Afrika na yeye aliye Japani, mnapelekeana kadi ya posta yenye tarehe, saa na masafa, kuthibitisha kwamba mlisikilizana. Wanaiita kadi ya QSL. Mazungumzo yenyewe yalikwisha hewani zamani, lakini adabu yake inakamilika kadi inapofika. Shikeni neno hilo, nitalirudia.

Intaneti nayo ilipata wazee wake wa adabu. Oktoba 1995, Sally Hambridge wa kampuni ya Intel alitoa waraka wa mwenendo mwema mtandaoni, unaojulikana kwa namba yake, RFC 1855. Humo kuna agizo ambalo likisomwa leo linachekesha: ukiingia katika kundi la mazungumzo, soma tu kwa mwezi mmoja au miwili kabla ya kuandika chochote, upate kujua desturi za wenyeji. Mwezi mmoja au miwili! Kwetu mtu anaingizwa kikundini asubuhi, na kabla jua halijapanda amekwisha kuomba nyimbo za Pasaka, kazi, na unité za simu.

Baadaye, mwaka 2001, Wamarekani wawili, Eric Raymond na Rick Moen, waliandika mwongozo mrefu juu ya namna ya kuuliza maswali kwa akili. Ulitafsiriwa katika lugha nyingi. Wanasema tafuta kwanza wewe mwenyewe, soma kitabu cha kifaa, jaribu, kisha ndipo uulize, na ukiuliza uonyeshe uliyoyajaribu. Nakubaliana nao kwa nusu. Nusu ya pili imeandikwa na watu wenye kompyuta mezani, umeme usiozimika na intaneti isiyopimwa kwa mega. Wanamfokea asiyetafuta. Wenzetu waliosoma wameiga ukali huo, na sasa ukiuliza kitu kidogo unajibiwa neno moja: "Google."

Hilo ni jibu la dharau, na kwa hapa kwetu ni jibu la uongo vilevile. Watu wengi hapa wananunua forfait ya WhatsApp peke yake kwa sababu ndiyo ya bei nafuu. Wakibonyeza kiungo cha video, ama hakifunguki, ama kinakula salio lote. Maelezo ya kifaa yapo kwa Kiingereza au Kichina. Kumwambia mtu wa namna hiyo akatafute ni kumfukuza kwa heshima. Ndugu zetu walioko ng'ambo wana kosa lao dogo hapa: mtu anauliza swali la mistari miwili, wao wanatupa kiungo cha video ya dakika arobaini, kisha wanalala usingizi mzuri wakidhani wamesaidia. Tazama wewe hiyo video, ndugu yetu mwenye wifi, kisha tuandikie mistari mitano.

Lakini kuna kutafuta kusikogharimu chochote, na huko hakuna udhuru. Ndani ya kikundi chenyewe kuna alama ya kutafuta. Andika "betri", andika jina la wimbo, utaona yaliyosemwa mwezi uliopita yakiwa bado kwenye simu yako. Maswali mengi yanayoulizwa vikundini yamekwisha kujibiwa humohumo. Shida ni ya mgeni: kwa kawaida mtu akiingizwa leo haoni yaliyoandikwa jana. Yeye hana pa kutafuta. Hapo lawama ni ya wasimamizi. WhatsApp inaruhusu maelezo ya kikundi yakae juu, na tangu mwisho wa 2023 inaruhusu ujumbe ubandikwe hadi siku 30. Msimamizi anayebandika matangazo ya harusi lakini habandiki majibu ya maswali yanayorudi kila wiki, asimkaripie mgeni.

Turudi kwenye betri, maana nataka mwone tofauti ya maswali mawili. La kwanza mmelisikia: "Haikamati chaji. Nisaidieni." Hapo lazima watu wanane waulize maswali kumi na mawili, simu zilie hadi saa tano usiku, na mwishoni mmoja aseme nunua mpya. Sasa sikieni la pili: "Bonsoir wakubwa na wadogo. Nina betri ya risasi na asidi, volti 12, ampea-saa 100, ya miaka mitatu, na paneli ya wati 100. Jana imechajiwa mchana kutwa. Nikachomoa waya zote, nikaiacha itulie usiku, asubuhi multimeta inaonyesha volti 10.5. Je, kuna tumaini?"

Hili la pili linajibiwa kwa ujumbe mmoja, tena na mtu aliyeko juu ya pikipiki amesimama kungoja abiria. Betri ya volti 12 ina seli sita ndani yake, kila moja ina volti 2 na kitu. Ikijaa na kutulia, inasoma kama 12.6. Ikisoma 10.5 baada ya kuchajiwa vizuri, imepungukiwa na volti mbili na kitu, ndiyo kusema seli moja imekufa. Hesabu imekwisha. Usinunue asidi, usimlipe mtu wa kuifungua, peleka kwa wanaonunua betri kuukuu uongezee fedha ya nyingine.

Aliyeuliza namna hiyo hakuwa fundi kuliko yule wa kwanza. Alipima tu, akaandika alichokiona. Na kama huna multimeta, sema huna, kisha sema unachokiona kwa macho: taa inawaka kwa muda gani, inafifia polepole au inazimika ghafla, maji ya betri yako wapi. Anayejibu yuko Beni, kitu kiko kwako Butembo, umbali wa zaidi ya kilomita 50. Macho yake ni maneno yako. Picha nayo inasaidia, lakini WhatsApp hubana picha hata maandishi madogo yakawa ukungu. Ukipiga picha ya namba za kwenye chipu au ya noti za solfa, itume kama dokumenti, itakuwa nzito kidogo lakini itasomeka.

Je, na salamu? Kuna watu wa Ulaya na Marekani wanaofundisha kwamba mtandaoni usisalimu, nenda moja kwa moja kwenye swali. Kwetu hilo halitaota mizizi, na lisiote. Mtu anayeingia bila salamu tunamwona amegombana nyumbani. Ila tofautisha kusalimu na kubisha hodi. Anayeandika "Bonjour" akangoja kuitikiwa, kisha "Habari za jioni", kisha "Naweza kuuliza?", ameliza simu za watu wote mara tatu kabla ya kusema neno. Kikundi kimoja siku hizi kinaweza kubeba watu 1,024. Salamu na swali vikae katika ujumbe mmoja. Salamu ifungue, swali lifuate hapo hapo, na utakuwa umewaheshimu wote wawili, mzee anayetaka kusalimiwa na kijana anayetaka kulala.

Wapiga kinanda wana ugonjwa wao. "Naomba accords za wimbo wa kutolea." Wimbo upi? Kuna nyimbo za kutolea mamia. Hata akitaja jina, kwaya ya parokia hii inauimba katika fa, ya parokia ile katika la bémol, na mwimbishaji mgeni anaupandisha kwa furaha yake. Mpiga kinanda anayejua kuuliza anatuma sauti ya sekunde ishirini ya kwaya yenyewe, anasema: "Tunaimba katika la bémol, mimi napiga sol na transpose nimeweka +1, lakini pale kwenye kiitikio accord ya tatu inanigomea." Hapo utaona maestro watatu wanakimbilia kujibu, na mmoja, lazima atakuwepo, atamwambia aondoe transpose ajifunze la bémol kama wanaume. Huyo msimjali sana, ingawa ana haki.

Nimetaja sauti, na hapa sikubaliani na wasimamizi wanaopiga marufuku ujumbe wa sauti. Wanasema unakula mega. Ujumbe wa sauti wa dakika moja haulingani na video hata kidogo. Ubaya wake uko kwingine: hauwezi kutafutwa baadaye, na anayejibu lazima akusikilize mpaka mwisho ndipo ajue unataka nini, pamoja na kuku wako na mlango wa jirani. Lakini kuna mama anayejua sungura kuliko daktari, na kuandika kwake ni mateso. Kuna kijana ambaye Kifaransa chake ni cha kuvuka barabara na Kiswahili chake hukiandika kwa kubahatisha. Mkiwanyima sauti mmewafukuza, na mmefukuza ujuzi wao pamoja nao. Afadhali aseme kwa sauti, na mmoja wa wanaojibu aandike kwa ufupi kilichoulizwa. Na hao hao wasichekwe kwa sababu ya lugha. Anayeuliza kwa Kinande katika kikundi chenye watu wa Kisangani na Bunia, aombwe atafsiri, kwa upole. Anayemsahihisha sarufi mtu ambaye sungura wake wanakufa, moyo wake uko wapi?

Kwa sungura, kwa ufupi: toa umri, idadi ya waliokufa, walikula nini, majani yalikuwa mabichi na yenye umande au yalinyaushwa, na kinyesi kikoje. Picha ya kinyesi inafaa sana. Picha ya maiti ya sungura saa ya chakula haimsaidii mtu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo miongozo ya Wamarekani haikuligusa, nalo ndilo linalotusumbua zaidi: mzee anapokosea. Mtu anauliza: maji ya betri yamepungua, niongeze nini? Mzee wa kikundi, anayeheshimiwa, anayeitwa Papa na kila mtu, anajibu: ongeza asidi. Sasa jibu hilo ni baya. Katika betri ya aina hiyo kinachopungua kwa joto na kwa chaji ni maji. Asidi inabaki ndani. Ukiongeza asidi juu yake, unaikoleza, inakula sahani za risasi, na betri inakufa mapema. Kinachoongezwa ni maji yaliyochujwa kwa mvuke, eau distillée, basi. Kikundini kuna vijana watano wanaojua hivyo. Wote wananyamaza. Mmoja anamwandikia mzee pembeni, kwa adabu. Mzee hakuona, au ameona na hakurudi. Na yule muulizaji ameshatoka kwenda kununua asidi.

Heshima ya namna hiyo inamgharimu mtu mwingine fedha zake. Najua tulivyolelewa. Kumsahihisha mzee mbele ya watu kunachoma, na simulizi za kijana aliyefanya hivyo zitafika nyumbani kwao kabla yake. Lakini kuna njia ya kusema. "Papa, asante kwa jibu. Ndugu uliyeuliza, ngoja kidogo kabla ya kununua. Nilivyofundishwa mimi, asidi inawekwa mara ya kwanza tu, baadaye ni eau distillée peke yake. Papa atatusaidia kama kuna aina nyingine." Umemwachia mzee mlango wa kutokea, na umemzuia mtu asiharibu betri yake. Na ninyi wazee, tafadhali, upitieni mlango huo. Mzee anayeandika "Kijana amesema kweli" hapotezi kitu mbele yetu. Nimeona kinyume chake: kikundi kizima kikaanza kumwamini zaidi.

Kuna na mambo ya pembeni, ya faragha. Namba za simu kikundini zinaonekana na wote. Dada akiuliza swali juu ya kamera, kesho yake ana ujumbe wa wanaume wanne wanaotaka "kumfundisha vizuri zaidi". Matokeo yake mnayajua: dada wanasoma, hawaulizi. Ukitaka kumwandikia mtu pembeni, mwombe ruhusa mbele ya kikundi. Na aliyejibiwa pembeni, jibu likiwa zuri, alilete kikundini ili na wengine wapate, aliyejibu hatakasirika.

Kwa wapenda picha nina neno zito zaidi. Miji yetu si miji ya kawaida. Mauaji ya kuzunguka Beni yalianza Oktoba 2014, na tangu Mei 2021 Kivu ya Kaskazini imewekwa chini ya utawala wa kijeshi. Mtu akituma picha ya machweo, Ruwenzori imetokeza theluji yake, ni uzuri mtupu. Lakini usimwulize mbele ya watu mia tatu "Umesimama wapi hasa? Tuma location." Hujui nani anasoma. Wala usiombe ushauri wa mwanga kwa kutumia picha yenye askari, kizuizi au msafara wa magari. Swali la mwanga linaweza kuulizwa kwa picha ya sufuria.

Na fedha. Akija mtu mwenye jina na picha ya msimamizi, kwa namba mpya, akiomba umrushie dola ishirini kwa simu kwa sababu amekwama Kasindi, mpigie msimamizi kwa namba ya zamani kwanza. Anayekwama kweli hatachukia kupigiwa.

Kuna pia maswali yasiyofaa kupelekwa kikundini kabisa. Tulijifunza kwa machozi. Ebola ilitangazwa Agosti 1, 2018, Mangina ikiwa katikati yake. Ikapita Beni, ikapita Butembo, na ilipotangazwa kwisha, Juni 25, 2020, ilikuwa imeua watu zaidi ya 2,200. Miezi ile simu zetu zilijaa uvumi: ni biashara, ni siasa, ni sumu. Nani anaweza kuhesabu waliochelewa kwenda kituo cha tiba kwa sababu ya walichosoma? Mtoto mwenye homa hapelekwi kwa wafuga sungura, hata kama mmoja wao ni nesi. Nesi huyo atakwambia uende kituo cha afya, na atakuwa na haki. Kikundi cha umeme nacho kisiulizwe namna ya kuunganisha waya kwenye nguzo usiku. Anayejibu hilo anaweza kuwa ameua mtu.

Sasa ile kadi ya waendesha redio. Makosa yote niliyoyataja, swali fupi kupita kiasi, salamu tatu, accords zisizo na jina, yanavumilika. Mtu anaulizwa tena, anajaza, mambo yanaenda. Kosa linaloua vikundi ni jingine kabisa, nalo ni kutoweka. Mtu ameuliza, watu sita wamemjibu, wamebishana mpaka usiku, mmoja amekwenda kupima betri yake mwenyewe ili alinganishe. Muulizaji amesoma yote. Tunajua amesoma, ukifungua taarifa za ujumbe wako unaona jina lake kati ya waliosoma. Kisha kimya. Haandiki asante wala samahani, na habari za betri hatuzipati. Kadi haijafika. Tutamwona tena baada ya miezi mitatu, akija na swali jipya: "Bonjour kikundi, kinanda changu hakilii."

Wengine watasema ni utovu wa shukrani. Ni hivyo, lakini shukrani ni sehemu ndogo ya shida. Kikundi cha watu wasiolipwa kinaishi kwa kitu kimoja, nacho ni kujua kama jibu lilikuwa sahihi. Watu sita walitoa mawazo sita. Asiporudi kusema ni lipi lililofanya kazi, yote sita yanabaki sawa, la kweli na la uongo, na mwezi ujao mwingine mwenye betri ya namna hiyo ataanza upya kabisa. Yule mzee wa asidi ataendelea kuamini asidi. Yule kijana hatajua kama alikuwa na haki. Na yule aliyepima betri yake usiku, mara ya pili atapima, mara ya tatu atalala. Wanaojibu vizuri hawatoki kikundini kwa kelele. Wanabaki, wanasoma, wananyamaza. Vikundi kadhaa ninavyovijua hapa vimekufa namna hiyo, na wasimamizi wake bado wanadhani vilikufa kwa sababu ya matangazo ya biashara.

Wakati mwingine mtu harudi kwa aibu. Alishauriwa asinunue, akanunua. Alishauriwa apime, akaogopa kifaa. Au alifuata ushauri na kitu kikaharibika zaidi, akaona akisema atawaaibisha waliomsaidia. Basi ndugu, hiyo ndiyo habari tunayoitaka kuliko zote. Kushindwa kwako kunawafundisha watu wengi zaidi ya kushangilia kwako. Ushauri uliofuatwa ukaharibu kitu unapaswa kujulikana kabla haujafuatwa na wa pili.

Wala si lazima iwe hotuba. Sipendi zile shukrani za baraka kumi na maua ishirini, zinajaza simu na hazina habari. Nataka mistari miwili: "Ilikuwa seli moja imekufa, kama alivyosema mwalimu wa Oicha. Nimebadili betri, taa zinawaka mpaka asubuhi. Wasingya, asanteni." Msimamizi aibandike hapo juu. Mgeni wa kesho ataikuta, na swali lake litakuwa limejibiwa kabla hajauliza.

Kwa hiyo nina ombi moja kwenu, wapenzi wasikilizaji, kabla ya kuzima redio. Kama mwezi huu umejibiwa mahali fulani, kikundi cha kinanda, cha kamera, cha mifugo, na hukurudi, fungua ujumbe ule sasa hivi na uandike ilivyokwisha. Ilipona, sema imepona. Haikupona, sema haikupona na ulifanya nini. Waliokujibu bado wako humo, na baadhi yao wanangoja kujua.